Siagi Nyeupe ya Migato

Watoto kumi na mmoja walimwambia Esteria bila haya kwamba siagi hutengenezwa kiwandani. Mmoja alisema inatoka Dar es Salaam ikiwa tayari kwenye kopo. Mwingine, aliyejiona msomi kuliko wenzake, akasema inakamuliwa kwenye mahindi. Wakati huohuo, nje ya kanisa, lilikuwa linapita kundi la ng'ombe linalotoka kunywa maji lamboni, na kengele zao zilikuwa karibu kuufunika upuuzi huo. Esteria akawauliza wanadhani wale ng'ombe wamebeba nini kwenye viwele vyao, soda? Watoto walicheka, lakini kwenye suala la kiwanda hawakurudi nyuma.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, mvua imenyesha vizuri na majani yamejaa. Esteria alikuwa mlezi wa watoto wa kigango cha Kikatoliki hapo Migato, wilayani Itilima, kazi isiyo na mshahara wala asante, ambayo wenzake watatu waliiacha kabla yake. Yeye alikuwa ameishikilia kwa miaka kumi na miwili. Aliishikilia kwa sababu padri mmoja wa zamani aliwahi kusema kwamba mama yule hatamaliza mwezi. Padri alihamishwa, Esteria akabaki.

Ndivyo alivyokuwa. Alizaliwa Malampaka, karibu na stesheni ya reli, katika nyumba yenye zizi kubwa na mama asiyetaka mchezo. Aliolewa Migato akiwa na miaka kumi na tisa. Danford, mumewe, alipofariki, shemeji zake waliswaga ng'ombe wote, kisha siku ya kumaliza msiba wakamwambia achague ni yupi kati yao atakayemrithi. Alichagua jembe. Kwa jembe hilo alilima pamba na choroko, akamsomesha binti yake ambaye sasa anauza samaki Lamadi, na hakurudi kwao hata siku moja kulialia. Mwaka mmoja kwenye kituo cha kununulia pamba alihisi mizani inadanganya. Hakugombana na mtu. Alishusha mzigo wake, akapanda yeye mwenyewe juu ya mizani, akasoma namba kwa sauti, kisha akawauliza waliopanga foleni kama yupo aliyewahi kumwona mwanamke akipungua kilo saba toka jana yake alipopimwa zahanati. Mizani ilibadilishwa kabla ya saa sita mchana.

Sasa mtu kama huyo ukimwambia siagi inatoka kiwandani, umejitakia. Aliwaagiza watoto wote walete maziwa kwake Ijumaa jioni, kikombe kimoja kila mmoja, na Jumamosi asubuhi wangeisuka siagi wenyewe, kwa mikono yao, wakaila na viazi. Kibuyu kilikuwepo. Alikuwa amepewa na mama yake siku ya kuolewa, kibuyu cha kusukia maziwa, shingo ndefu, tumbo limekuwa jeusi kwa miaka ya kufukizwa moshi.

Hapo ndipo alipokosea, kama ni kukosea. Wazee wa upande ule hawachanganyi maziwa ya mazizi mawili katika chombo kimoja. Wanasema kila zizi lina baraka yake, na ukichanganya, baraka ya mmoja inamezwa na ya mwenzake. Esteria alilijua hilo tangu anajifunza kutembea. Lakini tangu afiwe hakuwa na zizi. Kwa miaka ishirini alikuwa akipewa maziwa kidogo kwa jirani huyu na kidogo kwa yule, akamimina yote katika sufuria moja, akanywa, akashiba, na hakuna aliyewahi kuuliza. Kwake maziwa yalikuwa maziwa.

Ijumaa watoto walikuja na walichopewa, na akina mama walikuwa wamebana mikono. Vikombe vingi vilikuwa nusu. Milembe, wa miaka tisa, ndiye aliyekuja wa mwisho, amebeba jagi zima limejaa mpaka kwenye mdomo. Milembe aliishi na bibi yake, Salu, kwenye nyumba ya mwisho kabla ya mbuga ya mpunga, na kila mtu alijua pale hakuna ng'ombe. Kuna mbuzi wanne. Mtoto alisema kabla hajaulizwa kwamba ni maziwa ya ng'ombe. Esteria aliinamia jagi na harufu ikampa jibu. Upande ule maziwa ya mbuzi hupewa mtoto mchanga aliyefiwa na mama yake. Mtu mzima akinywa anachekwa, na kuyachanganya na ya ng'ombe ni kuliitia zizi balaa. Alimtazama Milembe. Mtoto alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili kwa ajili ya kuleta maziwa.

"Ni maziwa," Esteria alimwambia. "Lete hapa."

Akayamimina na mengine chunguni yagande.

Siku iliyofuata palikuwa na raha ambayo uwanja wa Esteria ulikuwa haujaiona muda mrefu. Kibuyu kilioshwa kwa maji ya moto, kikafukizwa kwa kijinga cha moto, watoto wakagombania kunusa moshi unaotoka shingoni. Mtindi ukamiminwa. Wakakaa chini wawili wawili, kibuyu kikiwa mapajani, huyu akisukumia huku na yule akirudisha kule, wenzao wakihesabu mpaka mia moja kwa Kiswahili, zamu inayofuata kwa Kisukuma, ambapo waliosoma shule za mjini Bariadi walikwama kwenye ishirini na kuchekwa sana. Kila baada ya zamu mbili Esteria alifungua mdomo wa kibuyu kitoe pumzi. Saa nzima ilipita. Siagi ilichelewa, na yeye alijua kwa nini: maziwa ya mbuzi hayatoi siagi upesi, na ikitoka huwa nyeupe. Watoto walianza kusema kiwanda kingekuwa kimeshamaliza. Aliwaambia wafunge midomo na wasikilize. Mlio ulikuwa umebadilika. Maziwa hayakuruka tena, yalikuwa yanaanguka mazito, kitu na kitu kikigongana ndani.

Walipoyamimina kwenye beseni, madonge yalikuwa yanaelea juu. Aliwafundisha kuyakusanya kwa kijiko, kuyaosha kwa maji ya kisimani mpaka maji yatoke safi, kutia chumvi kidogo. Siagi ilikuwa nyeupe kuliko alivyotarajia mtu yeyote, nyeupe kama unga wa sembe, katika mwezi ambao siagi hutoka na rangi ya njano. Watoto hawakujali. Waliipaka kwenye viazi vya moto, ikayeyuka, wakajipaka mpaka mashavuni, wakaondoka wakiwa na kipande kwenye jani kwa ajili ya kuonyesha nyumbani. Milembe alikula viazi vinne.

Jumatano ng'ombe wa Mashimba alianza kutoa damu badala ya maziwa.

Mashimba alikuwa mfugaji mkubwa kuliko wote pale, mtu wa haki katika mambo mengi, na ng'ombe huyo mwekundu ndiye aliyekuwa akiwalisha wajukuu zake. Afisa mifugo alikuja na pikipiki, akapapasa kiwele, akasema ni ugonjwa wa kiwele, unatokea sana wakati wa tope, akachoma sindano na kuondoka. Mashimba alishukuru kwa adabu. Lakini mjukuu wake alikuwa ameshamletea siagi kwenye jani, na aliyezaliwa zizini hadanganyiki kwa rangi. Alhamisi asubuhi aliingia kwa Esteria bila hata salamu ya mwangaluka, akauliza kibuyu kiko wapi. Kilikuwa kimening'inizwa ukutani. Alikishusha, akakipiga kwenye jiwe la kusagia. Kisha akasema anataka jina. Maziwa gani yalitiwa humo ambayo si maziwa ya watu, na ya nani.

Esteria alichukua ufagio. Alifagia vipande vya kibuyu cha mama yake mbele ya miguu ya Mashimba, akamwomba ahamishe mguu wa kushoto, akafagia na hapo. Aliumia. Machozi alikuwa nayo, ila aliona si ya kumwonyesha mtu yule. Jina hakulitoa.

Alijua likitoka litakwenda wapi. Halingebaki kwa mtoto. Salu alikuwa na macho mekundu, kwa sababu alikuwa amepikia kinyesi kikavu cha ng'ombe maisha yake yote kwenye nyumba isiyo na dirisha, na wanawake wa macho mekundu katika nchi ile hudhaniwa wachawi; wamefukuzwa, na wengine wamefanyiwa mabaya zaidi, kwa sababu ndogo kuliko ng'ombe mmoja. Alifika Migato miaka sita iliyopita na furushi moja na Milembe mgongoni, na hakuwahi kusema alikotoka. Esteria hakuwahi kumuuliza. Walikuwa wakisalimiana njiani na kupishana, basi.

Ijumaa alikuja Anatoli, katekista, mtu mpole anayependa mambo yaishe. Alimweleza kwamba Mahona, mwenyekiti wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, ameitisha mkutano Jumapili baada ya ibada, na kwamba asipotaja jina atatengwa. Hatapewa moto, hatasagiwa mahindi, hatasalimiwa, na siku akifa hakuna atakayechimba kaburi. Anatoli alimsihi. Jina tu, alisema, kwa ajili ya amani, na wao viongozi watahakikisha hakuna anayeguswa. Esteria alimuuliza kama anaweza kumwandikia hilo kwenye karatasi na kuweka sahihi. Anatoli akasimama, akaaga. Alipoondoka, Esteria alisaga mahindi kwenye jiwe lilelile, kwa mkono, mpaka bega likakataa. Alitaka kuona kama bado anaweza.

Mkutano ulifanyika uwanjani karibu na josho la ng'ombe. Wanaume walikaa kwenye vigoda, wanawake chini, watoto wakafukuzwa lakini hawakuenda mbali. Mahona aliuliza kwa utaratibu, Mashimba akaeleza bila kuongeza chumvi, na lazima isemwe kwamba alieleza vizuri. Hakumwita Esteria mchawi. Alisema tu kwamba kitu kimeingizwa kwenye maziwa ya mazizi ya watu kwa siri, na mwenye mji ana haki ya kujua.

"Mayu Esteria," alimalizia, akimwita mama kwa Kisukuma, "siagi ya mwezi wa tatu haiwi nyeupe. Uliweka nini?"

"Niliweka maziwa mliyonipa. Kibuyu kilikuwa changu na mkono uliomimina ni huu. Mwenye neno aseme na mkono huu."

Mahona alimkumbusha kutengwa maana yake nini. Esteria akamjibu kwamba alishatengwa na shemeji zake watatu na ng'ombe thelathini, na yuko hapa bado, amenenepa. Baadhi ya wanawake waliinama kuficha nyuso. Mahona hakucheka. Alisema anampa nafasi ya mwisho, na baada ya hapo atauliza mkutano, kwa kuwa kwa taratibu zao mtu hatengwi mpaka wote wakubali.

Esteria alikuwa ameshafungua mdomo kuikataa nafasi hiyo, ndipo watu wa nyuma wakaanza kusogea. Salu alikuwa anakuja. Alikuwa anavuta mbuzi jike kwa kamba, kikombe cha bati mkononi, na Milembe nyuma yake akimswaga mbuzi kwa fimbo ndogo. Alitembea taratibu mpaka katikati, akasimama, akasalimu, mwadila. Watu waliitikia kabla hawajajizuia.

"Maziwa yalikuwa ya mbuzi huyu," alisema. "Mtoto alibeba tu. Mimi ndiye niliyekamua, mimi ndiye niliyemvalisha nguo nzuri."

Kisha akamgeukia Esteria, na ilionekana wazi kwamba maneno yaliyokuwa yamemleta ni haya, wala si yale ya kumjibu Mashimba.

"Umenificha, mayu. Asante, lakini sikukuomba. Kule nilikotoka walinificha ghalani siku tatu, watu wema kabisa. Walionitafuta waliponikuta nimejificha ndipo walipoamini kwamba mimi ni mchawi. Sijifichi tena." Alipumua. "Na kuna jambo jingine. Milembe anasema siku ile watoto wote walikula. Wewe hukula."

Ilikuwa kweli. Esteria alikuwa amesema jino linamuuma, akapakua viazi, akapaka siagi, akagawa, akalamba chumvi kwenye kidole, na siagi yenyewe haikugusa ulimi wake. Mkono ulikuwa jasiri, koo likagoma. Alimimina maziwa ya mbuzi mbele za watoto kumi na mmoja akijiona mtetezi wao, lakini mama yake wa Malampaka alikuwa amekaa kooni mwake akisema mtu mzima hanywi hayo. Na mtoto wa miaka tisa, akiwa na kiazi cha nne mdomoni, alikuwa amemwona. Wiki nzima Esteria alikuwa akijivuna kimoyomoyo kwa jinsi anavyomlinda Salu. Aibu iliyomshika ilikuwa ya moto, nzito, na haikumwachia pa kuangalia.

Salu hakungoja jibu. Alichuchumaa pale katikati ya mkutano, akambana mbuzi kwa bega, akakamua. Mlio wa maziwa kwenye bati ulisikika mpaka kwa watoto waliopanda ukuta wa josho. Alipofikisha nusu ya kikombe alisimama. Hakumpelekea Mashimba, ambaye watu wote walidhani ndiye atakayepelekewa. Alimpelekea Esteria.

Esteria alikipokea kwa mikono miwili. Povu lilikuwa bado linapasuka. Alikunywa funda la kwanza, akasimama nalo mdomoni, akalimeza. La pili lilikuwa rahisi kidogo. Yalikuwa ya moto, mazito kuliko ya ng'ombe, na yalikuwa na ile harufu. Aliyamaliza yote mbele ya macho ya Migato nzima, akageuza kikombe juu chini ili Mahona aone hakuna kilichobaki.

"Sasa andika majina mawili," alisema. "Na Jumamosi saa tatu watoto waje kwangu. Kibuyu kimevunjwa, walete chupa za maji zenye vifuniko. Maziwa yoyote yatakayopatikana kwao. Nitayachanganya."

Mashimba alisema watu wamesikia wenyewe, hana la kuongeza. Mahona aliuliza anayetaka wanawake hawa wawili watengwe anyooshe mkono. Mashimba alinyoosha. Wakafuata wanne, wote wanaume, wote jirani zake wa malisho. Mahona alizungusha macho kwa wanawake. Walikuwa wameweka mikono mapajani, wengine wameikalia kabisa. Mke wa Mashimba alikuwa miongoni mwao, anaangalia mbuzi. Mahona alihesabu, akahesabu tena, kana kwamba mikono mitano ingezaa mingine. Hakutamka kutenga wala kusamehe. Alisema tu kwamba jua limekuwa kali, na mkutano utaliangalia jambo hilo siku nyingine.

Salu hakungoja siku nyingine itajwe. Alisema mbuzi wake hajala tangu asubuhi. Akamwambia Milembe atangulie, na njia ya kutokea ilipita palepale wanaume walipokaa. Mtoto alifika kwa Mashimba, akasimama, akasubiri na fimbo yake. Mashimba alimtazama kwa muda, kisha akainuka na kuvuta kigoda chake pembeni, na wenzake wakavuta vyao. Wakapita wote watatu na mbuzi wao. Esteria alikuwa wa mwisho, ameshika kikombe kitupu, ladha ya mbuzi imejaa mdomoni, na kinywa kikimsihi ateme. Hakutema.